Muulize Fundi: paipu haijai, sasa maji tutayapimaje?

Mwezi huu meseji karibu zote zimenijia na kilio kimoja: paipu inatoa maji lakini haijai, na mwenyewe anataka kujua ni lita ngapi. Nadhani masika yamewaamsha watu. Nimechagua sita, ya mwanzo nimeijibu kwa kirefu mana ndo yenye mambo, nyengine zinaiegemea hiyohiyo.

SWALI: Fundi, assalamu alaykum. Sisi ni kikundi cha wakulima wa mpunga, bonde moja huku Kaskazini Unguja. Tuna paipu ya plastiki ya inchi 6 inatuletea maji kutoka kwenye kibwawa cha juu, inamwaga mtaroni, na pale mtaroni tunagawana na wenzetu wa ng'ambo ya pili. Paipu haijai hata siku moja, maji yanapita nusu, siku nyengine robo. Tulichangishana tukanunua mita, ikafungwa, lakini mara inazunguka kama feni mara imelala, na wenzetu wanasema tunawaibia. Tufanyeje? (Msomaji, Kinyasini)

JIBU: Wa alaykumu salaam ndugu zangu. Nianze na mita mana ndo inayowagombanisha. Mita ile ya kawaida haipimi maji, inapima mwendo. Ndani mna kifeni kinazungushwa na maji yanayopita, na mita inahesabu mizunguko ikichukulia kwamba paipu imejaa tele. Paipu ikiwa nusu, kifeni mara kinaguswa na maji mara kinabaki kwenye hewa, na hewa nayo ikipita kwa nguvu inakizungusha vilevile, kwaiyo mnaandikiwa upepo mkadhani maji. Hata zile mita za bei kubwa za sumaku, zisizo na feni, nazo zinataka paipu ijae. Aliyewafungia pengine hakuwa na nia mbaya ila alitakiwa aulize kwanza, paipu yenu inajaa au haijai.

Njia ya mwanzo ya kupima ni chombo na saa, na msiidharau, ndo ya kweli kuliko zote. Lakini paipu ya inchi 6 ikipita nusu kwenye mteremko wa wastani inaweza kutoa lita 10 kwa sekunde, sasa ndoo ya lita 20 hapo inajaa sekunde 2, hujaigusa simu kusimamisha saa ishamwagika. Tafuteni pipa la lita 200, hapo mna kama sekunde 20, pimeni mara tatu nne mchukue wastani, mtapata namba ya kuaminika. Shida ni kwamba hamwezi kukaa na pipa kila asubuhi, na maji yenu yenyewe yanabadilika mara nusu mara robo.

Kwaiyo dawa yenu ni kizingiti cha V. Unayazuia maji kwa bati lililosimama wima, juu yake umekata mwanya wa V, na maji hayana njia ila kupita hapo mwanyani na kuangukia upande wa pili. Yakija mengi yanapanda, yakija machache yanashuka, na kimo cha maji juu ya ncha ya V ndo kinakwambia lita. Uzuri wake hakina habari na paipu imejaa au haijajaa, ina mteremko gani, ni ya plastiki au ya saruji, yote hayo yameshakwisha huko nyuma, hapa yanafika maji tu.

V yenyewe muikate ya digrii 90, pembe ya guni la seremala, ncha iangalie chini na mikono miwili ilale sawasawa kulia na kushoto. Hesabu yake: chukua kimo kwa mita (sentimita 10 ni 0.1), kipandishe kwenye kipeo cha 2.5, zidisha kwa 1.38, jibu ni mita za ujazo kwa sekunde. Kwa asotaka hesabu: kimo cha sentimita 5 ni kama lita 0.8 kwa sekunde, sentimita 8 ni lita 2.5, sentimita 10 ni 4.4, sentimita 12 ni 6.9, sentimita 15 ni lita 12, na sentimita 20 ni karibu 25. Andikeni kwa rangi ukutani pale pale kila mtu asome. Na mziangalie vizuri hizo namba, kutoka sentimita 10 kwenda 20 kimo kimekuwa mara mbili tu lakini maji yamekuwa zaidi ya mara tano na nusu. Hapo ndo penye faida na ndo penye hatari. Faida ni kwamba maji machache yanaonekana vizuri, hatari ni kwamba ukikosea kusoma sentimita moja tu, ukasema 11 na kumbe ni 10, umeshaongeza maji ya uongo zaidi ya asilimia 25. Kwa watu wenye ugomvi hiyo si kidogo.

Sasa kujenga. Pale paipu inapomwaga jengeni boksi la matofali mlipige plasta, upana ndani sentimita 90 au zaidi, urefu kama mita 2, na ncha ya V ikae sentimita 45 juu ya sakafu ya boksi. Najua mtaona kubwa, mtataka kufanya dogo mpunguze saruji, lakini maji lazima yatulie kabla hayajafika kwenye bati, yakija na kasi ya paipu namba zote nilizotaja hazifai. Pale yanapoingilia tieni kreti mbili za soda zilizojazwa kokoto kubwa, zimesimama ubavu kwa ubavu, zinavunja ile nguvu vizuri sana na hazina gharama. Mkiona maji karibu na bati yamelala shwari, hayana povu wala mzunguko, mmepatia.

Bati lenyewe msitumie la kuezekea, linapinda. Tafuteni shiti ya aluminiamu au ya chuma kisichopata kutu ya milimita 3 au 4, kateni V kwa msumeno wa chuma afu mkae na tupa taratibu. Ukingo wa V unatakiwa mwembamba, milimita 1 mpaka 2, na ile sehemu mnayoipunguza kwa tupa iwe upande wa chini, kule maji yanakoangukia, upande wa juu ubaki bapa kabisa. Sababu ni kwamba maji yanatakiwa yaruke yaachane na bati. Ukingo ukiwa mnene au umeviringana maji yanaling'ang'ania bati yanateremka nalo, na hapo kwa kimo kilekile yanapita mengi kuliko jaduweli inavyosema. Ndo mana pia msiamini kipimo chini ya sentimita 5, maji machache kila siku hung'ang'ania. Pitisheni mkono nyuma ya maji yanayoanguka, mkikuta hewa basi sawa.

Na upande wa chini maji yasipande. Mtaro wenu ukijaa majani au mtu akiziba huko chini ili maji yamjie yeye, maji yanarudi nyuma, yanafika kwenye ncha ya V, na kizingiti kinakuwa hakisemi kweli tena, kinaonesha mengi wakati yanayopita ni machache. Achieni kama sentimita 5 au zaidi za mwanguko kati ya ncha na maji ya chini, kwa mvua kubwa kuliko zote mlizozizoea.

Rula msiitie kwenye bati. Hili nalirudia mana kila kizingiti ninachoitwa kukitazama nakuta rula imegandishwa pale pale kando ya V. Maji yakikaribia mwanya yanainama, yanashuka kabla ya kuruka, ukisoma hapo unasoma pungufu. Rudini nyuma mara nne ya kimo kikubwa mnachotarajia, kwa nyinyi kama sentimita 80, huko ndo mgandishe rula ya chuma kwenye ukuta wa boksi. Sifuri ya rula iwe sawasawa na ncha ya V, si sakafu ya boksi. Kuipata tumieni ule mpira mwembamba wa kuonesha ndani wanaotumia waashi kupima levo, mmoja ashike ncha hii, mwengine kule, maji yenyewe yatawaonesha. Mkimaliza lilinganisheni na pipa lenu: rula ikisoma 8, ndoo ya lita 20 ijae sekunde 8 na pipa la 200 lijae sekunde 80. Ikikataa tafuteni pa kulaumu, bati limelala, V imepinda, au sifuri si sifuri.

Usafi ni kila siku, jani moja la mgomba likikaa mwanyani linapandisha maji na wenzenu watasema mnakula nyingi. Na kujua mnahitaji kiasi gani: lita 1 kwa sekunde ikipita usiku na mchana ni lita 86,400, ukiitandaza kwenye hekta moja ni kina cha karibu milimita 9 kwa siku, muanzie hapo kupiga mahesabu na bwana shamba wenu.

Lakini niseme la moyoni. Ugomvi wenu hauhitaji lita hata kidogo. Nyinyi hamuuliziani ni maji mangapi, mnaulizana nani kachukua zaidi, na hayo ni mambo mawili. Kugawana, tieni kwenye boksi hilohilo kizingiti chengine cha juu bapa, kilichonyooka mlalo, si cha V, maji yaanguke kwa upana wake wote, afu simamisheni bati jembamba katikati kuyagawa. Kwenye kizingiti bapa maji yanakwenda kwa upana, mkikubaliana nusu kwa nusu gawanyeni upana nusu, mkikubaliana theluthi basi theluthi, na yakiongezeka au yakipungua kila mtu anaongezeka au anapungua kwa fungu lake. Hakuna wa kusoma rula wala wa kuandika daftari. V hamwezi kuigawa hivyo. Mimi ningejenga hicho cha kugawia kwanza, cha V kingefuata pesa ikipatikana.

SWALI: Fundi mimi nasoma ufundi, nipo mwaka wa pili hapa mjini. Kwanini tuhangaike na vizingiti wakati kuna fomula ya Manning? Napima kina cha maji ndani ya paipu kwa rula tu, nakokotoa, nimemaliza. (Mwanafunzi, Mbweni)

JIBU: Mwanangu hujakosea, fomula ni nzuri, inakokotoa maji kutoka kina, mteremko na ukwaruzo wa ukuta wa paipu, na Robert Manning, mhandisi wa Ireland, aliitoa tangu 1889 na mpaka leo ndo tunayochorea mitaro. Ina na mambo matamu ndani yake, mfano paipu ikiwa nusu khasa inapitisha nusu ya maji ya paipu iliyojaa, mwendo ni uleule, mana eneo limepungua nusu na ukuta unaoguswa na maji nao umepungua nusu. Na la ajabu zaidi, paipu haipitishi maji mengi kabisa ikiwa imejaa, inapitisha mengi zaidi kina kikiwa kama asilimia 94, ile kidogo ya juu ikijaa ukuta unaongezeka kuliko eneo.

Shida yako ni mbili. Chukua paipu ya milimita 150, mteremko mita 1 kwa kila mita 100, ukwaruzo wa plastiki 0.010, iko nusu: utapata karibu lita 9.9 kwa sekunde. Sasa yule aliyelaza paipu kaachia mteremko nusu ya hapo, na kule chini ya udongo nani ataona, maji ya kweli ni lita 7. Au paipu imeota utelezi na mchanga umelala chini, ukwaruzo umefika 0.013, ni lita 7.6. Rula yako inasoma nusu vilevile kote kutatu. Fomula inakwambia paipu iliyochorwa ingepitisha nini, kizingiti kinakwambia iliyolazwa inapitisha nini. Kwa kuchora tumia Manning, kwa kudaiana tumia kizingiti. (Maji yaleyale lita 9.9 kwenye V ya digrii 90 yatasimama kama sentimita 14, kokotoa mwenyewe uone.)

SWALI: Hapa kwetu hatuna nafasi ya boksi wala pesa ya saruji, paipu inatokeza ukingoni mwa mto inamwaga tu. Hakuna njia ya mkato? (Msomaji, Wete)

JIBU: Iko, na watu hawaijui. Inaitwa njia ya California, unapima uwazi wa hewa pale pale mdomoni mwa paipu, kutoka ukuta wa juu wa ndani mpaka uso wa maji. Masharti yake: paipu iwe mlalo kabisa, iwe imenyooka angalau mara sita ya upana wake kabla ya mdomo, kwa inchi 6 hiyo ni sentimita 90 hivi, na maji yaanguke huru yasiguse kitu. Kwa paipu ya inchi 6, uwazi wa sentimita 7.5 ni kama lita 12 kwa sekunde, uwazi wa sentimita 11.5 hivi ni kama lita 3 na robo. Uwazi ukiwa mdogo kuliko nusu ya paipu msiitegemee. Paipu yenu ikiwa na mteremko, hata mdogo, fungeni kipande cha mwisho kwa elbo mkilaze na pima maji, vyenginevyo mtapata namba nzuri ya uongo.

SWALI: Mimi ni fundi wa hoteli upande wa Paje. Bosi anataka kujua maji machafu tunayotoa kwa siku, paipu ni ya milimita 200, ipo ndani ya chemba, maji yanapita kidogo kidogo chini. Nimeona mtandaoni kuna kizingiti kinachochomekwa kwenye paipu yenyewe. Nikinunue? (Msomaji, Paje)

JIBU: Kipo na kinafanya kazi, ni kizibo cha duara chenye mwanya, kinachomekwa kwenye mdomo wa paipu inayoingia chemba, kina ringi ya mpira inayobana pembeni maji yasipite, na kipimo kimeshaandikwa usoni kwa lita au galoni, unamulika tochi unasoma. Ni kwa maji machache kama yako, yakija mengi yanakifunika. Lakini kumbuka ni maji ya choo hayo, nyuma ya kizibo vinalala vitu, karatasi zinakaa mwanyani, kwaiyo ni cha kutia kwa siku moja mbili, unasoma kila robo saa usiku na mchana mana hoteli asubuhi na jioni si sawa na saa nane mchana, afu unakitoa. Ukikisahau humo ndo utakuja kuulizwa kwanini bafu za chini zinarudisha.

Lililo muhimu kuliko kizibo: usiingie chembani peke yako, na usiingie kabisa kama huna kipimo cha gesi, mkanda na mtu wa juu wa kukuvuta. Ile harufu ya mayai viza ni gesi inayouwa, na mbaya zaidi ikizidi sana pua inakufa ganzi, husikii harufu tena, unadhani imekwisha. Watu hufa wawili watatu chemba moja, mmoja kaanguka, mwengine kamfuata kumuokoa. Kizibo kisomwe kutoka juu.

Na kabla hujanunua, angalia maji yenu yanaishia wapi. Kama yanaingia kwenye karo lenye pampu una kipimo bure. Pampu ikiwa imezimika pima maji yanapanda kiasi gani kwa muda gani: karo la mita 2 kwa mita 1 na nusu, likipanda sentimita 20 kwa dakika 10, ni lita 600, yani lita 1 kwa sekunde. Mimi ningefanya hivyo, kwenye maji machafu kitu chochote kinachozuia njia mwisho wake ni wewe na fimbo usiku wa manane.

SWALI: Je mitaro ya mvua Mji Mkongwe inaweza kupimwa hivi? (Msomaji, Malindi)

JIBU: Kwa kizingiti hapana, wallahi usijaribu, unazuia mtaro wakati wa masika na maji yatakwenda madukani. Tupa kitu kinachoelea, chungwa linafaa, hesabu sekunde kwa mita 10, mwendo ule zidisha kwa 0.85 mana juu maji yanakimbia kuliko chini, afu zidisha na upana na kina cha maji. Ni makisio tu lakini hayamzamishi mtu. Na ukitaka kujua maji ya kuteremka bila pampu si mageni mjini hapa, Seyyid Barghash aliyetawala 1870 mpaka 1888 aliyavuta kutoka chemchemi za Bububu mpaka mjini, njia yote kwa mteremko.

SWALI: Kamati yetu ya msikiti tunataka maji ya udhu tuyapeleke kwenye bustani badala ya karoni. Paipu ni ya inchi 2, maji yanapita chini kabisa. Tujenge V? (Msomaji, Chake Chake)

JIBU: Hapana, kwa paipu hiyo ndoo inatosha, mkate paipu pale inapotokeza, ndoo ya lita 20 ikijaa sekunde 40 mna nusu lita kwa sekunde. Pimeni Ijumaa kabla ya khutba, hapo ndo yanakuja mengi, na pimeni siku ya kawaida alasiri, tangi la bustani lifuateni la Ijumaa. Mkiwa mnataka kitu cha kudumu V ya digrii 90 ni pana mno kwenu, maji hayatofika hata sentimita 5, kateni nyembamba ya digrii 28, kwa kimo kilekile inapitisha robo ya ile kubwa, kwaiyo nusu lita itasimama kama sentimita 7 na mtaisoma bila taabu. Mita ya kawaida nayo inawezekana, ila muinamishe paipu ishuke afu ipande tena kama shingo ya bata, mita ikae pale chini panapobaki pamejaa siku zote, na muache plagi ya kutolea mchanga.